Barua ya wazi kwa Kaunti ya Nakuru kuhusu wanyama wanaoshikwashikwa na watoto wetu

Kwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru,
Kwa mawaziri wa kaunti wa Afya, na wa Kilimo na Mifugo,
Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo na maafisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo zote,
Nakala kwa Bunge la Kaunti.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, na mama wa watoto wawili. Ombi langu ni moja. Pasiwe na mahali popote katika kaunti hii ambapo mtoto mdogo analipishwa kiingilio ili ashike, alishe au apande mnyama, kabla daktari wa mifugo na afisa wa afya ya umma hawajafika hapo pamoja, wakawakagua wanyama, wakakagua mahali pa kunawa, wakatia sahihi kwamba pako sawa.

Biashara hii imekua mbele ya macho yetu. Zamani ilikuwa farasi au ngamia wa kupandwa siku ya Krismasi na Idd. Siku hizi mkahawa wenye uwanja wa nyasi na nyumba ya hewa ya kurukia hauoni umekamilika bila zizi la mbuzi, sungura na vifaranga pembeni. Wengine wana kobe, tausi, punda. Mahali pengine utakuta tumbili amefungwa mnyororo kiunoni, au chatu anayevishwa shingoni mwa watu wapige picha. Shule nazo zinakuja kwa mabasi, maana mtaala unatutaka tuwatoe watoto wakajionee mazingira yao.

Sina ugomvi na bustani hizi. Mtoto wa mitaa ya Kaptembwo au Pipeline anayeishi ghorofa ya nne hana ua wa kufuga hata kuku mmoja. Anapomlisha mbuzi kwa mara ya kwanza, akahisi ule ulimi mkavu ukichukua jani kiganjani mwake, kuna jambo analojifunza ambalo picha yangu ya ukutani haimfundishi. Siombi zifungwe. Naomba zisimamiwe kama tunavyosimamia hoteli. Mpishi wa chapati hupimwa afya na kupewa cheti kabla ya kugusa unga wa wateja, na leseni ya afya hutundikwa ukutani karibu na keshia. Katika bustani za wanyama nilizopata kuingia, sijaona karatasi yoyote langoni inayomwambia mzazi kwamba wanyama hawa walipimwa, walipimwa na nani, na lini.

Naanza na ugonjwa, kwa sababu ndio unaoninyima usingizi.

Kuna bakteria iitwayo E. coli O157. Huishi matumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo bila kuwadhuru. Mnyama anaonekana mzima, anakula vizuri, manyoya yanang'aa, na huku kinyesi chake kina vijidudu vya kumlaza mtoto hospitalini. Wala havihitajiki vingi. Hata chini ya mia moja vinatosha. Manyoya yaliyoguswa na kinyesi, mkono wa mtoto, kisha kidole mdomoni, basi. Wengi huumwa tumbo na kuhara, mara nyingi damu, kwa siku kadhaa kisha wakapona. Lakini kwa baadhi yao, hasa walio chini ya miaka mitano, sumu ya bakteria hiyo huharibu chembe za damu na kuziba mishipa midogo ya figo, na figo zikaacha kufanya kazi. Watoto wa PP1 na PP2 wana miaka minne na mitano. Hao ndio ninaowapanga mstari kila safari.

Haya yameshatokea kwa wenzetu. Mwaka 2009 nchini Uingereza, katika shamba la Godstone huko Surrey ambako watoto walikuwa wakienda kushika wanyama, watu 93 waliugua, na 76 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka kumi. Miaka mitano kabla ya hapo, kwenye maonyesho ya jimbo la North Carolina nchini Marekani, watu 108 waliugua katika mlipuko uliofuatiliwa hadi kwenye zizi la kushika mbuzi na kondoo. Kumi na watano kati yao walipata ule ugonjwa wa figo. Hizo ni nchi zenye maji ya mfereji kila mahali na maabara za kutosha kufuatilia kijidudu hadi kwenye zizi lilikotoka.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalisikia kwenye mkutano wa wazazi: sisi tumekua tukilala chumba kimoja na mbuzi na hatukufa. Nalijibu kwa heshima, maana aliyelisema ni mzee ninayemheshimu. Kwanza, si kweli kwamba hatukufa. Utafiti mkubwa wa kuhara kwa watoto wadogo, uliochapishwa mwaka 2013, ulifanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, na hapa Kenya ulifanyika Siaya, si mbali nasi. Uliangalia zaidi ya watoto 20,000 wa chini ya miaka mitano. Ulipotaja visababishi vinne vikuu vya kuhara kwa kiwango cha kati hadi kikali, kimoja kilikuwa kriptosporidiamu, kimelea kinachopita kwa maji machafu na kutoka mtu hadi mtu, lakini pia kinachobebwa sana na ndama na wana-kondoo wachanga. Uwezekano wa mtoto aliyehara namna hiyo kufariki ndani ya miezi miwili iliyofuata ulikuwa mara 8.5 ya ule wa mtoto ambaye hakuhara. Kwa hiyo tuliozeeka ni sisi tuliobaki. Wale wengine tuliambiwa ni tumbo, au ni meno yanaota, au ni jicho la mtu, wakazikwa nyuma ya nyumba.

Pili, mtoto wa boma hukua na mbuzi wale wale, na mwili wake huzoea polepole vijidudu vya boma lao. Mtoto wa mjini anakutanishwa kwa saa mbili na wanyama waliokusanywa kutoka masoko mbalimbali, walioshikwa asubuhi hiyo na mikono mia moja mingine. Halafu anapewa chipsi.

Na tatizo hili halijitangazi. Dalili za E. coli O157 huchukua kwa kawaida siku tatu au nne kujitokeza. Mtoto akianza kuhara Jumatano, hakuna anayemkumbuka mbuzi wa Jumapili. Mama atalaumu maji, atalaumu samosa, atampeleka zahanati, atapewa dawa. Wala zahanati haitauliza kuhusu mbuzi kama hakuna aliyewaambia waulize.

Waheshimiwa, kaunti hii haihitaji kufundishwa kwamba ugonjwa huvuka kutoka kwa mnyama. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutokana na ugonjwa wa kondoo katika shamba lililokuwa karibu na Ziwa Naivasha, nayo ikachukua jina la bonde letu dunia nzima. Mwaka 2015 kimeta kiliua mamia ya nyati katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, mtu akisimama mtaa wa Section 58 anaiona mbuga kwa macho. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kinafundisha udaktari wa mifugo. Maabara ya eneo hili ya kuchunguza magonjwa ya mifugo ipo hapa hapa Nakuru. Ukitafuta kaunti yenye ujuzi wa kuongoza wengine katika jambo hili, hutavuka mpaka.

Sasa nisemee wanyama, kwa sababu wao hawaandiki barua.

Katika safari moja na darasa langu, kwenye bustani ambayo siitaji, nilisimama kando nikawaangalia wao badala ya kuwaangalia watoto. Mbuzi mdogo alikuwa amejibana kwenye pembe ya uzio, ametoa kichwa nje kwenye nafasi ya mbao, kwa sababu huko nje ndiko kulikokuwa hakuna mikono. Kila alipogeuka, mkono. Sungura wawili walikuwa wakipita kutoka mtoto hadi mtoto tangu tulipofika, na tulipoondoka basi la shule nyingine lilikuwa likiingia. Karai la maji lilikuwa limekauka, jua lilikuwa la saa saba, na turubai la kivuli lilikuwa upande wa meza za wageni. Aliyekuwa akiwahudumia wanyama wote hao ni kijana mmoja, naye alikuwa pia akikata tiketi. Simlaumu kijana yule. Alikuwa mpole kwa wanyama na kwa watoto, lakini hakuna aliyempa mwenzake wa kumsaidia wala siku moja ya mafunzo. Mahali pa kunawa palikuwa mtungi mmoja wa lita ishirini, bila sabuni, na chupa ya sanitaiza juu ya kiti.

Sungura anapotulia tuli mikononi mwa mtoto, sisi tunasema amezoea. Mara nyingi ameganda kwa hofu. Sungura ni windo, na windo likikamatwa huganda. Akiamua kujinasua hupiga teke kwa nguvu kiasi cha kuweza kujivunja uti wa mgongo, na mtoto akabaki ameshika mnyama aliyepooza asijue alichofanya. Kifaranga hupumua kwa kupanua kifua chake chote. Mtoto anayemkumbatia kwa mapenzi anaweza kumkosesha pumzi bila hata kukaza mkono sana. Kobe akishikwa hujificha ndani ya gamba, na watoto humgonga ili atoke. Kobe na nyoka pia hubeba salmonela, bakteria nyingine ya kuharisha, ngozini bila kuugua wao wenyewe. Marekani ilipiga marufuku kuuza vitoto vya kobe tangu 1975 kwa sababu hiyo hiyo, baada ya watoto wengi kuambukizwa.

Na hapa ndipo mambo mawili ninayoyaandikia yanapokuwa jambo moja. Mnyama aliyesafirishwa juani, akanyimwa maji, akashikwa kutwa, mwili wake hudhoofika, na mnyama aliyedhoofika humwaga vijidudu vingi zaidi kwenye kinyesi. Mnyama aliyechoka huuma. Anayebanwa bila njia ya kutoka hupiga teke. Ukimpa mbuzi kivuli, maji, na sehemu ya nyuma ambayo watoto hawaingii, umemhurumia mbuzi na umemkinga mtoto kwa gharama ile ile ya mbao chache.

Kuhusu wanyamapori nitasema kwa ufupi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyamapori bila kibali, na hilo ni la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kushughulikia. Lakini afisa wa kaunti akimkuta tumbili kwenye mnyororo asipite tu kwa kuwa si kazi yake, apige simu. Tumbili huweza kuambukizwa kichaa cha mbwa kama mamalia wengine wote, na kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kisumu, katika Hifadhi ya Impala iliyoanzishwa 1992, watoto humtazama simba nyuma ya uzio na kurudi nyumbani wakisimulia wiki nzima. Hakuna aliyehitaji kumshika.

Mtaniambia sheria ziko wapi. Zipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa kosa si kumpiga tu mnyama, bali pia kumpandisha kupita uwezo wake, kumbebesha kupita kiasi, hata kumtia hofu kwa ukatili. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo, Sura ya 364, inasimamia wanyama wanavyohamishwa kutoka eneo hadi eneo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawapa maafisa wenu nguvu juu ya mahali panapohatarisha afya ya watu.

Zaidi ya yote kuna Katiba. Someni Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaloorodhesha kazi za kaunti. Kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao ni kazi ya kaunti. Burudani za umma na bustani za kupumzikia ni kazi ya kaunti. Elimu ya chekechea, yaani darasa langu, ni kazi ya kaunti. Afya ni ya kaunti, na humo ndani ya orodha ya huduma za afya, si kwenye kilimo, ndimo huduma za matibabu ya mifugo zilimotajwa. Walioandika Katiba ya 2010 walimweka daktari wa mifugo katika nyumba moja na daktari wa watoto. Sijui jambo jingine linalomhusu mtoto ambalo limewekwa mikononi mwa serikali moja kikamilifu kiasi hiki. Hakuna wa kumsukumia.

Basi naomba yafuatayo, na nitayasema jinsi mwalimu angeyapanga. La kwanza na kubwa ni maji yanayotiririka na sabuni, kwenye njia ya kutokea, kwa urefu wa mtoto wa miaka minne. Si karai la watu wote kuchovya mikono. Wala si sanitaiza peke yake: haifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye uchafu, na kile kimelea cha kriptosporidiamu hakifi kwa pombe iliyomo. Mwaka 2020 mafundi wetu wa jua kali walitengeneza matangi ya kunawia yanayofunguliwa kwa kukanyaga pedali, na tukayaweka kila lango la soko na la shule. Mengi sasa yanakula kutu nyuma ya maofisi. Yapelekeni huko. Mtoto asipite kwenda kwenye chakula kabla hajapita kwenye maji, na chakula kiuzwe mbali na zizi, upande mwingine kabisa. Chuchu bandia za watoto, chupa za maziwa na peremende zibaki nje ya uzio. Mama mjamzito aelezwe langoni, kwa maandishi makubwa ya Kiswahili, kwamba asiwashike kondoo na mbuzi wanaozaa au waliotoka kuzaa, kwa sababu ya bruselosisi na magonjwa mengine yanayoharibu mimba.

Kwa wanyama, daktari wa mifugo aangalie chanjo, vidonda vya tandiko, kwato, na kibali cha usafirishaji. Kila mnyama awe na saa za kupumzika na mahali pa kujificha. Sungura na vifaranga wasibebwe. Mtoto akae chini, mnyama awekwe mbele yake, aguswe kwa kiganja huku mtu mzima yupo. Anayeumwa au anayehara aondolewe siku hiyo hiyo, hata kama kuna basi tatu zinasubiri. Vijana wanaowahudumia wapewe siku moja ya mafunzo, na Egerton iombwe isaidie.

Naomba pia zahanati na hospitali za kaunti ziagizwe kumuuliza kila mtoto anayehara damu swali moja zaidi: wiki hii alimshika mnyama gani, na wapi? Likiandikwa kwenye kitabu cha wagonjwa, mara ya tatu jina la bustani ile ile likijitokeza mtajua pa kwenda. Na mtoto aliyeumwa na mnyama kidonda kioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika kumi na tano kabla ya kukimbizwa kupata chanjo. Wenye bustani walijue hilo kama wanavyojua nambari zao za malipo.

Jambo moja zaidi, nalo nalisema kwa sababu ninaishi hapa. Ada ya kibali hiki iwe ndogo. Wengi wa wenye bustani ni watu wa kawaida waliochukua mkopo wakanunua mbuzi kumi. Kibali kikigeuka mlango wa kitu kidogo, wakaguzi watapewa bahasha, wanyama watabaki walivyo, na mimi nitasoma cheti kisicho na maana langoni. Afadhali bustani ikaguliwe bila malipo mara mbili kwa mwaka, matokeo yabandikwe mlangoni wazazi wayasome, kuliko kuwa na leseni ya bei ghali ambayo hakuna aliyekwenda kuhakikisha.

Kisumu, Kakamega, Kitale na Eldoret bustani za namna hii zipo pia. Nakuru ikianza, na kanuni zake zikiandikwa kwa lugha ambayo mwenye bustani anaielewa, hao wengine wana pa kunakili.

Muhula ujao darasa langu lina safari nyingine. Fomu za wazazi ziko mezani kwangu, na kuna mstari unaosema mwalimu amethibitisha usalama wa mahali. Kabla sijatia sahihi naomba mnijibu kwa maandishi: ni ofisi gani ya kaunti nitakayoipigia kuuliza kama bustani fulani imekaguliwa, na kama haijakaguliwa, ni nani atakayekwenda, na siku gani?

Wenu,
Mwalimu wa PP2,
Nakuru Mjini Magharibi